Daftari Langu la Mahudhurio

Kwa miaka tisa nilikuwa katibu wa jumuiya yetu ndogo ya Kikristo hapa Bagamoyo, na katika miaka hiyo yote kitu nilichokitunza kuliko vyote, pengine kuliko hata sala zenyewe, kilikuwa daftari la mahudhurio. Lilikuwa daftari kubwa la jalada gumu, ambalo nililipiga mistari kwa rula kama nilivyozoea kufanya shuleni, kwa kuwa kazi yangu ni ualimu wa shule ya msingi: majina upande wa kushoto, tarehe za Jumamosi juu, na katikati alama ya vema kwa aliyefika, herufi R kwa aliyeomba ruhusa, na H kwa yule ambaye hakufika wala hakutuma neno. Mwisho wa mwaka nilijumlisha. Naona aibu kuandika hivi, lakini nilifurahia kujumlisha.

Wasomaji wasio Wakatoliki huenda wasielewe uzito wa daftari la namna hiyo. Jumuiya ni kaya chache za majirani wanaokutana alfajiri ya Jumamosi kabla ya kutawanyika kwenda kazini, leo nyumbani kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, wakasoma Injili ya Jumapili, wakasali, wakatoa michango, wakapeana habari za wagonjwa. Maaskofu wa Afrika Mashariki waliufanya utaratibu huu kuwa kipaumbele cha uchungaji katika miaka ya 1970, kwa nia njema kabisa ya kulishusha Kanisa hadi barazani, mahali ambapo watu wanafahamiana kwa majina na kwa shida zao. Tatizo ni kwamba kufahamiana nako kuna makali yake. Kwa kuwa padre mmoja hawezi kuwajua waamini wake wote, anayetaka kubatiza mtoto, kufunga ndoa au kumzika ndugu yake huanzia kwa viongozi wa jumuiya, nao humwandikia barua ya kumtambulisha. Barua hiyo ilikusudiwa kumsaidia padre amjue mtu. Mikononi mwangu iligeuka lango, nami nikawa bawabu.

Mama mmoja jirani yetu, ambaye sitamtaja jina, hukaanga samaki ufukweni karibu na soko. Anayewajua wakaanga samaki wa Bagamoyo anajua kwamba siku yao huanza kabla ya jua, mashua na ngalawa zinapoingia na mnada kuanza pale mchangani, na kwamba anayechelewa mnadani hukuta wengine wamekwisha kuchukua vibua na changu wa bei nafuu. Saa ya mnada na saa ya jumuiya ni moja. Katika daftari langu, kwa mwaka ule ninaouzungumzia, mama huyu alikuwa na alama nne za vema. Zilizobaki zote zilikuwa H. Zaidi ya hayo, alikuwa akiishi na mvuvi Mwislamu, mtu mpole asiye na neno na mtu, ambaye alikuwa amekwisha kuzaa naye watoto watatu bila ndoa ya kanisani wala ya msikitini.

Jioni moja alikuja nyumbani kwangu na sahani ya vibua iliyofunikwa kwa kawa. Alinisalimu, akaketi kwenye kigoda, akasema anaomba barua ili mwanawe wa mwisho abatizwe. Baba wa mtoto alikuwa ameridhia. Nilimwacha amalize, kisha nikaingia ndani, nikaleta daftari na kulifungua mbele yake kama mwalimu anayemwonyesha mzazi ripoti ya mtoto aliyefeli. Nilimwonyesha zile H, mstari mzima. Nikamwambia, "Dada, panga kwanza mambo yako, halafu barua itafuata." Alilitazama lile daftari kwa muda, akasema, "Haya, mwalimu," akaondoka. Vibua aliviacha. Tulivila usiku ule, na vilikuwa vitamu. Nalitaja jambo hilo kwa sababu ndilo lililokuja kunisumbua baadaye kuliko maneno yenyewe.

Mimi, kuliko watu wengi, nilipaswa kujua zaidi. Bibi yangu mzaa baba alikuwa akisema kwamba sisi ni watu wa misheni, na alipoulizwa kabila letu alijibu kwa kuonyesha kidole upande wa mnara wa kanisa la zamani. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walivuka kutoka Zanzibar na kuanzisha misheni hapa mwaka 1868, wakati watumwa walipokuwa bado wakiuzwa sokoni kule Unguja, wakawa wanawakomboa watu kwa fedha, wengi wao wakiwa watoto, na kuwalea. Waliokua wakaoana walipewa kibanda na kipande cha shamba katika kile kilichoitwa Kijiji cha Uhuru. Kwa masimulizi ya bibi, babu wa baba yake alikuwa mmoja wao. "Huyo hakuja na barua," bibi alipenda kusema, "hata jina walimtafutia." Nilikuwa nimelisikia neno hilo tangu utotoni, na nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu tunapowapeleka kutembelea makumbusho ya misheni, lakini halikuwahi kunijia kichwani jioni ile nilipokuwa nimelishika daftari.

Hata hivyo sitaki kuifanya misheni ile kuwa pepo ya duniani. Maisha ya kijiji kile yaliongozwa na kengele: kengele ya kuamka, ya kusali, ya kwenda shambani. Watu waliotolewa minyororo walipangiwa saa zao na watu wengine, na wapo waliochoka wakaenda zao. Mapadre wenyewe walikuwa watu wa zama zao, wenye dharau za zama zao, na pia walikuwa vijana walioacha kwao Ulaya wakaja kufa kwa homa. Anayepita katika makaburi yao pale misheni na kuhesabu umri wao hutoka kimya. Ukarimu uliompokea babu yetu na mkono ulioshika kamba ya kengele vilikaa katika nyumba moja, na pengine katika moyo mmoja. Nikilitazama daftari langu leo naona kwamba lilikuwa mjukuu wa ile kengele. Na kama mimi nimeirithi kengele, siwezi kudai kwamba ukarimu pekee ndio urithi wangu.

Basi mambo yakaendelea hivyo hadi mwaka uliofuata, mhazini wetu alipohamia Dar es Salaam na mimi nikaombwa kuishika kwa muda fedha ya mfuko wa kufa na kuzikana. Zilikuwa shilingi 240,000, taslimu, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Binti yangu alichaguliwa kwenda kidato cha tano mkoa wa mbali, na orodha ya mahitaji ilikuwa ndefu kuliko mshahara. Nilichukua 150,000. Baada ya wiki mbili nilichukua nyingine 60,000 kwa ajili ya nauli na godoro. Nilijiambia nimekopa, na nikaliandika neno hilo kwenye karatasi ndogo nikaitia ndani ya kopo, kana kwamba kopo lilikuwa limenikubalia mkopo.

Masika yalipoanza, mzee mmoja wa jumuiya yetu alifariki Jumatano usiku. Alfajiri mwenyekiti alinipigia simu akitaka fedha za jeneza. Nikamwambia nimeziweka benki kwa usalama na mtandao wa benki unasumbua. Uongo huo ulitoka kinywani mwangu mwepesi, bila kukwama popote, na hilo lilinishangaza kuliko wizi wenyewe, maana nilikuwa nimejizoeza kuamini kwamba watu waongo ni watu wa namna nyingine. Mzee alizikwa kwa michango ya haraka haraka. Wavuvi, wengi wao Waislamu, walichanga pale ufukweni na kuleta fedha katika mfuko wa plastiki, zenye harufu ya samaki.

Katika Misa ya mazishi tulifika kwenye kuungama. Sala ile nimeisali maelfu ya mara: "Nakuungamia Mungu mwenyezi, nanyi ndugu zangu." Siku hiyo sikuweza kulipita neno "nanyi". Kwa Mungu nilikuwa nimekwisha kuungama kimoyomoyo mara nyingi tangu nilipofungua lile kopo, na nilikuwa nimejisamehe haraka kwa niaba yake. Bali hawa ndugu niliosimama nao bega kwa bega, ambao kila wiki nilikuwa nikiwatangazia kwa sauti kwamba nimekosa sana, sikuwa nimewaambia lolote. Nao kila wiki walikuwa wakiniambia mimi vilevile. Tulikuwa tumekiri hadharani, wote, kwamba hakuna aliye mzima miongoni mwetu, kisha nikaenda nyumbani na kupiga mistari kwa rula ili nijue nani ni mzima zaidi.

Jumamosi iliyofuata niliwaambia. Tulikuwa tumekaa kwenye mikeka barazani kwa mwenyekiti. Nilisema kiasi, nilisema nilizitumia kwa nini, na nilisema kwamba habari ya benki ilikuwa uongo. Ukimya uliofuata ulikuwa mrefu, jogoo akawika mara mbili, na sitanii. Kama ningekuwa natunga hadithi ningemwondoa jogoo huyo kwa sababu ya Petro, aliyemkana Yesu na jogoo akawika. Kisha mzee mmoja mstaafu, mtu wa haki na mwenye kumbukumbu, akasema kwamba kanuni za jumuiya ziko wazi: mwenye deni la michango kwa miezi mitatu hapewi barua wala huduma yoyote, seuze aliyekula mfuko wenyewe. Hakuna aliyeweza kumpinga. Kanuni ile niliiandika mimi, kwa mkono wangu, na herufi za mwanzo nilizipamba.

Mkaanga samaki alikuwepo siku hiyo. Kusi ilikuwa imechafua bahari na mashua hazikutoka, kwa hiyo alikuwa amekuja, akaketi mahali pake pa kawaida, mwishoni mwa mkeka, karibu na mlango. Ningependa kuandika kwamba alisema neno la kunifariji. Hakusema hivyo. Alinitazama akasema, "Mwalimu, leo umeonja." Watu wakacheka, wengine kwa kuficha uso ndani ya kanga. Halafu akaendelea kwa sauti ileile ya mnadani: mtu huyu ana mshahara, alipe elfu kumi na tano kila mwezi mpaka deni liishe, kopo apewe mtu mwingine, na yeye aje kila Jumamosi kama sisi tunavyokuja tukiweza. "Mkimfukuza," akasema, "fedha itarudi vipi?"

Hivyo ndivyo nilivyobakizwa. Sikubakizwa kwa huruma ya kutoa machozi. Nilibakizwa kwa hesabu, na kwa mtu aliyejua kwamba mwenye kosa akikaa ndani ana nafasi ya kulipa na akitupwa nje hana. Nimesikia mahubiri mengi juu ya msamaha, mazuri, lakini nakiri kwamba lile pendekezo la elfu kumi na tano lilinifundisha zaidi. Msamaha wake haukusema kwamba wizi si wizi. Haukuniomba nijione mtu mwema, wala haukunitaka nijigalagaze. Ulinipa mahali pa kukaa na tarehe ya kulipa. Mahali penyewe palikuwa karibu na mlango, kwa kuwa nilipoanza kufika kwa aibu nilikuwa nafika mwisho, na mara nyingi nilijikuta bega kwa bega naye.

Ukatibu uliondolewa kwangu, jambo la haki. Lakini kabla sijakabidhi daftari nilikwenda kwa paroko kumweleza habari ya barua niliyoikataa. Padre alinisikiliza, akachukua kitabu cha sheria za Kanisa, ile iliyotangazwa mwaka 1983, akanisomea kanuni ya 868. Inataka mambo mawili ili mtoto mchanga abatizwe kihalali: wazazi waridhie, au angalau mmoja wao, na pawe na matumaini ya msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani Katoliki. Matumaini hayo yakikosekana kabisa, ubatizo unaahirishwa, na wazazi wanaelezwa sababu. "Unaahirishwa," padre alirudia. Katika kanuni hiyo nzima hapakuwa na neno lolote juu ya mahudhurio ya mama siku za Jumamosi, wala juu ya kumwadhibu mtoto kwa ajili ya ndoa ambayo wazazi wake hawajaifunga. Kisha akanikumbusha kwamba Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2013, aliandika kuwa Ekaristi si zawadi ya wakamilifu bali ni dawa na chakula cha walio dhaifu, kwamba milango ya sakramenti isifungwe kwa sababu yoyote tu, hasa ubatizo ulio mlango wenyewe, na kwamba Kanisa si kituo cha ushuru. Sisi wa Bagamoyo, wenye jengo la zamani la forodha pale ufukweni, neno hilo la ushuru halihitaji kufafanuliwa.

Barua niliiandika. Mtoto alibatizwa baada ya Pasaka, na baba yake alikuja na kofia yake ya Kiislamu, akaketi benchi la nyuma mpaka mwisho. Watu waligeuka kumtazama. Nilikumbuka wakati ule kwamba mnamo Februari 1874 mwili wa David Livingstone, mmisionari wa Kiprotestanti, ulifikishwa hapa baada ya kubebwa kwa miezi kama tisa kutoka kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, ukalazwa kwa mapadre Wakatoliki pale misheni kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar na hatimaye kuzikwa London. Miongoni mwa walioongoza msafara ule walikuwemo James Chuma, aliyekuwa amebatizwa, na Abdullah Susi, ambaye wakati huo hakuwa Mkristo. Mwenye mwili, waliobeba na waliopokea hawakuwa wa sala moja, na mapadre hawakuwaambia wapange kwanza mambo yao.

Nisieleweke vibaya. Sijaacha kuamini mafundisho ya Kanisa juu ya ndoa, na mama yule anajua ninavyofikiri, kama ninavyojua anavyofikiri juu ya kopo la maziwa. Ipo njia ya ndoa mseto, kwa kibali cha askofu, na padre amewaeleza; bado hawajaifuata, na sababu zao si zangu kuzianika. Kinachonishughulisha ni tofauti kati ya kuamini kwamba jambo fulani ni kosa na kujiona nina kazi ya kuling'oa. Mama yangu alikuwa na jaruba la mpunga bonde la Ruvu, na tulipokuwa watoto alitukataza kupalilia bila yeye kuwepo, kwa sababu kuna nyasi zinazofanana na mpunga mpaka zichanue, na mtoto mwenye bidii huharibu kuliko mvivu. Niliposoma tena ule mfano wa Mathayo sura ya 13, wa mwenye shamba anayewazuia watumwa wake wasing'oe magugu, "Viacheni vyote vikue hata wakati wa mavuno," nilielewa kwamba mwenye shamba hakuyapenda magugu. Hakuiamini mikono ya wapaliliaji. Mimi nilikuwa mtoto mwenye bidii.

Lililo gumu zaidi kwangu limekuwa kujipokea mimi mwenyewe, na hapa sina ushindi wa kusimulia. Waswahili husema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa, na msemo huo unawafaa sana watu wanaokosa mara moja. Mimi nilirudia. Katika mwezi wa nne wa kulipa deni sikupeleka fedha, na mhazini mpya aliponiuliza nikasema mshahara umechelewa, ilhali ulikuwa umeingia siku tatu kabla. Nililazimika kumfuata jioni na kumwambia kweli, na safari hii hakukuwa na Misa ya mazishi ya kunisukuma, ila usingizi kukataa. Mtume Paulo anasema aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha." Zamani nilidhani jibu hilo ni la kumpongeza mtakatifu. Sasa nalisoma kama jibu alilopewa mtu ambaye mwiba haukutoka, akapaswa kwenda kazini nao, akikanyaga kwa uangalifu.

Katibu wa sasa ni kijana wa bodaboda, na daftari analo kwenye simu. Lile la kwangu alinirudishia, nami nimelitunza. Deni nililimaliza kwa kuchelewa miezi miwili.

Ijumaa iliyopita nilipita ufukweni jua likielekea kuzama nikamkuta mama yule akigeuza samaki kwenye karai. Alinifungia vibua vya elfu tatu, akaongeza kimoja. Aliponikabidhi akasema, "Mwalimu, kesho sitafika. Mashua zinaingia." Mkono wangu ulikwenda kwenye mfuko wa shati, mahali kalamu inapokaa, kwa mazoea ya miaka tisa. Nikalipa, nikampa salamu za mtoto, nikaenda nyumbani na samaki wangu.